Kufundisha mawimbi na sauti bila maabara: kamba, foleni, ukuta na ndoo ya maji

Mwalimu anayeanza kufundisha mada ya mawimbi huwa na maswali yaleyale. Nianzie wapi? Nifanyeje kama shule haina uma sauti wala springi ndefu? Na mbona wanafunzi wameshika kanuni vizuri, lakini swali likigeuzwa kidogo tu wanapotea? Mwongozo huu unajibu hayo kwa pamoja. Nimemfikiria mwalimu wa sekondari mwenye darasa la watu hamsini au sitini na kabati la maabara lililojaa vumbi, ingawa hatua tatu za mwanzo zinawafaa hata watoto wa darasa la sita.

Nikuombe jambo moja mapema: siku ya kwanza usichore ule mstari wa nyoka ubaoni. Mwanafunzi akiuona kabla hajashika kitu kwa mikono yake, anaamini kwamba sauti hutoka kinywani ikipanda na kushuka hewani mpaka sikioni. Picha hiyo ikishakaa kichwani, kuing'oa ni kazi. Utauchora, ndiyo, lakini hatua ya nne, na wanafunzi wenyewe ndio watakaokuambia wapi upande na wapi ushuke.

Mahitaji

- Kamba nene ya katani au manila, mita 6 hadi 10. Kamba nyembamba ya kuanikia nguo haifai, ni nyepesi mno.
- Kitambaa chekundu kidogo cha kufunga kwenye kamba.
- Rula ya plastiki au ya chuma, moja kwa kila kikundi.
- Ngoma, au kopo kubwa la maziwa lililowambwa puto mdomoni, na punje chache za mchele.
- Makopo mawili matupu na uzi imara wa mita 10.
- Vibao viwili vya mbao ngumu, kila kimoja kama sentimita 30.
- Futi ya fundi au tepu ya michezo. Ukikosa, pima kamba ya mita 20 na uilaze chini mara nne.
- Simu yenye stopwochi na programu ya kutoa mlio. Programu ya phyphox ni ya bure, ina kitoa mlio ndani yake, na ukishaipakua huhitaji bando.
- Bomba la plastiki la inchi moja na nusu, urefu wa sentimita 40, lililo wazi pande zote mbili.
- Ndoo ya lita 20 iliyojaa maji.
- Chaki.

Tenga vipindi vinne. Hatua ya sita ifanyike asubuhi na mapema, na mwarifu mkuu wa shule kabla, la sivyo utaitwa ofisini katikati ya jaribio ukaulizwe ni kelele gani hizo.

Hatua ya 1: Waone kwamba kila sauti ina kitu kinachotetema

Hapa usikae sana. Kila kikundi kibane rula ukingoni mwa meza, sehemu yake ikiwa nje, kisha kiichape kwa kidole. Wafupishe sehemu ya nje wasikilize tena. Sehemu ndefu hutetema polepole na kutoa mlio mzito; fupi hutetema haraka na mlio unakuwa mwembamba. Idadi ya mitetemo kwa sekunde moja ndiyo frikwensi, na kipimo chake ni hezi. Sikio zima la kijana husikia kuanzia kama hezi 20 hadi hezi 20,000.

Kisha mwaga punje za mchele juu ya ngoma, uigonge pembeni. Punje zitaruka. Waambie waweke vidole kooni waseme "aaa". Kama darasani kuna mpiga ngoma, na mara nyingi yupo, muulize kwa nini ngoma huwekwa karibu na moto kabla ya shughuli. Atakujibu kwamba ngozi hukaza na mlio hupanda, na utakuwa umepata somo la frikwensi bila kuandika neno.

Hatua ya 2: Kamba na kitambaa chekundu

Funga ncha moja ya kamba kwenye nguzo au nondo ya dirisha, usawa wa kiuno. Katikati ya kamba funga kitambaa. Mwanafunzi mmoja ashike ncha ya pili na kuivuta iwe imekaza kiasi.

a) Aitikise mara moja tu, juu na chini. Tuta litakimbia hadi kwenye nguzo na kurudi likiwa limepinduka. Uliza swali moja: kitambaa kimekwenda wapi? Rudia mpaka kila mtu aone kwamba kimepanda na kushuka palepale kilipofungwa. Kilichosafiri ni mtikisiko. Kamba yenyewe haikwenda popote.

b) Atikise kwa nguvu zaidi. Tuta litakuwa kubwa, lakini halitafika mapema zaidi. Sasa avute kamba ikaze zaidi, atikise kama mwanzo. Hapo ndipo litakimbia. Wengi hushangaa hapa, na ni vizuri washangae: kasi ya wimbi hutegemea hali ya kitu linamopita, si nguvu ya aliyelianzisha. Ukiwapitisha vizuri hapa, baadaye hawatakuambia kwamba sauti ya mtu anayepiga kelele hufika upesi kuliko ya anayenong'ona.

c) Atikise mfululizo, akitafuta mwendo ambao kamba nzima inafanya tumbo moja linalopanda na kushuka. Mwingine ahesabu mitikisiko 10 kwa stopwochi. Kisha aongeze mwendo hadi yatokee matumbo mawili, halafu matatu, bila kubadilisha mkazo wa kamba.

Chukua kamba ya mita 6. Tumbo moja ni nusu ya wimbi, kwa hiyo urefu wa wimbi ni mita 12. Kama mitikisiko 10 imechukua sekunde 10, frikwensi ni hezi 1. Kwenye matumbo mawili, urefu wa wimbi ni mita 6, na utakuta mitikisiko 10 inachukua karibu sekunde 5, yaani hezi 2. Kwenye matumbo matatu ni mita 4 na karibu hezi 3. Zidisha frikwensi kwa urefu wa wimbi kila mara: 12, 12, 12. Kwenye kamba yako namba itakuwa nyingine, ila itajirudia. Sasa ndipo uandike kanuni ya kasi ubaoni, kwa sababu wanafunzi wameshaigundua wenyewe.

Angalia kosa hili: mwanafunzi akichoka hulegeza kamba, mkazo unabadilika na hesabu zinaharibika. Mpe mtu mwenye mikono mizito, asimame na kisigino kwenye alama ya chaki.

Hatua ya 3: Foleni

Kamba ilitikisika kwa kukingama, juu na chini, ilhali wimbi lilikwenda mbele. Sauti hewani haiendi hivyo. Hii ndiyo hatua ambayo walimu wengi huiruka kwa kukosa springi ndefu, nayo ndiyo yenye faida kuliko zote.

Panga wanafunzi 12 hadi 15 katika foleni, mmoja nyuma ya mwenzake, mikono ikiwa mabegani mwa aliye mbele, viwiko vimekunjwa kidogo. Kwa chaki, chora mstari miguuni mwa kila mmoja. Sukuma taratibu mabega ya aliye nyuma kabisa. Kila mtu asukume tu baada ya kusukumwa, kisha arudi wima. Msukumo utapita hadi mbele na miguu yote itabaki kwenye chaki.

Rudia kwa msukumo na mvuto mfululizo. Waliobaki wasimame ubavuni mwa foleni na waeleze wanachoona: mahali pengine watu wamebanana, mahali pengine wameachana, na kubanana huko kunahama kutoka nyuma kwenda mbele. Chembe za hewa hufanya hivyo sauti inapopita.

Sasa mtoe mtu mmoja katikati na uache nafasi ya mita mbili. Sukuma. Msukumo utaishia pale penye pengo. Hilo ni ombwe, yaani mahali pasipo na hewa, na hutahitaji kifaa kingine kulieleza. Mwaka 1660 Robert Boyle alitangaza jaribio lake la chombo cha kioo: alipotoa hewa ndani yake kwa pampu, sauti ya kilichokuwa kikilia ndani ilififia. Wasimulie hayo, lakini usijaribu kutengeneza ombwe kwa kuchemsha maji kwenye chupa na kuiziba. Chupa hupasuka.

Mwishoni waambie wanyooshe mikono na kuikaza kabisa kama fimbo. Sukuma tena. Msukumo utafika mbele karibu papo hapo. Weka jibu hilo akiba kwa ajili ya hatua ya tano.

Tahadhari: usimsukume mtu kwa nguvu, na aliye mbele kabisa asikae karibu na ukuta au ngazi. Kama darasa ni mseto na wengine hawapendi kushikana mabega, wapange wavulana peke yao na wasichana peke yao, fizikia haibadiliki.

Hatua ya 4: Sasa chora

Chora ubaoni foleni ilivyokuwa wakati mmoja, nukta kwa nukta: hapa zimebanana, hapa zimeachana. Chini yake chora mhimili. Waulize: penye msongamano mkubwa niweke alama wapi? Juu. Penye nafasi? Chini. Unganisha alama. Mstari wa nyoka umepatikana, na kila mtu anajua kwamba ni grafu ya msongamano wa hewa, wala si njia ambayo sauti imepita.

Weka alama ya urefu wa wimbi kutoka msongamano mmoja hadi unaofuata. Weka na kimo cha wimbi, ambacho hueleza ukubwa wa sauti. Mahali ambapo mtihani huja kwa Kiingereza, andika istilahi za mtihani sasa hivi, pembeni ya mchoro. Ukiziandika mapema watazikariri kabla hawajui zinataja nini.

Hatua ya 5: Sauti ndani ya vitu vigumu na maji

Toboa makopo mawili matakoni, pitisha uzi na ufunge fundo kwa ndani. Uzi ukikaza, mnong'ono unasikika mita 10. Ukilegea, kimya. Mwanafunzi wa tatu akiubana uzi katikati kwa vidole viwili, sauti inakatika. Pia kila mtu alaze sikio mezani huku mwenzake akikwaruza mwisho wa meza kwa ukucha.

Kisha toa namba. Hewani penye joto la nyuzi 20, sauti husafiri mita 343 kwa sekunde. Kwenye maji ni karibu mita 1,480, na kwenye chuma cha pua huzidi mita 5,000. Kasi ya kwenye maji ilipimwa mwaka 1826 katika ziwa Geneva na Daniel Colladon na Charles Sturm: kengele iligongwa chini ya maji wakati uleule baruti ikiwashwa juu, na msikilizaji aliyekuwa mbali ndani ya mashua akapima muda kati ya mwanga na mlio. Walipata mita 1,435 kwa sekunde kwenye maji ya baridi, namba ambayo hadi leo haina aibu.

Hapa kuna kosa la walimu, si la wanafunzi. Tunasema sauti hukimbia kwenye chuma kwa sababu chuma ni kizito na chembe zake zimekaribiana. Uzito peke yake ungeipunguza kasi. Kinachoikimbiza ni ugumu, yaani jinsi chembe zinavyorudishana upesi zikisukumwa, kama ile foleni ya mikono iliyokazwa. Ukitaka ushahidi, kwenye haidrojeni, gesi nyepesi kuliko zote, sauti hukimbia karibu mita 1,300 kwa sekunde, zaidi ya mara tatu ya hewani.

Hatua ya 6: Pima kasi ya sauti kwa mwangwi

Njia inayowajia wengi kwanza ni kumweka mtu mbali apige debe, na wengine wapime muda kati ya kuona na kusikia. Kwa mita 200 muda huo ni kama sekunde 0.6, na kidole kwenye stopwochi peke yake huchelewa sehemu ya tano ya sekunde hivi. Matokeo yatakuwa ya kubahatisha. Tumia ukuta.

a) Tafuta ukuta mpana ulio wazi mbele yake, kama wa bwalo unaotazama uwanja wa mpira. Pembeni na nyuma yako pasiwe na jengo jingine la karibu, vinginevyo utapata mwangwi wa pili.

b) Pima mita 80 kutoka ukutani, kwa mstari ulionyooka. Chini ya mita 17 sikio halitenganishi mlio na mwangwi wake. Chini ya mita 50 mapigo yanakuwa ya haraka mno kwa mikono ya binadamu.

c) Mpigaji agonge vibao mara moja. Wote wasikilize mwangwi. Kama hausikiki wazi, badilisha ukuta kabla ya kupoteza muda.

d) Agonge mfululizo, akianza polepole. Mwangwi utasikika kati ya pigo na pigo. Aongeze mwendo kidogo kidogo hadi kila pigo liangukie juu ya mwangwi wa pigo lililotangulia. Utajua kwamba amefika pale mwangwi utakapoonekana kama umepotea. Kwa mita 80 ni mapigo mawili na kitu kwa sekunde. Mpe muda aushike mdundo. Kwaya na wapiga ngoma hawasumbuki hapa.

e) Mdundo ukishatulia, mwenye stopwochi aseme "sifuri" kwenye pigo moja na kuanzisha saa, kisha "moja", "mbili", mpaka "ishirini", asimamishe. Lazima aanze na sifuri. Akianza na moja atakuwa amehesabu nafasi 19, si 20.

f) Rudieni mara kadhaa kwa wapigaji tofauti na mchukue wastani.

Hesabu: kila nafasi kati ya mapigo, sauti imekwenda na kurudi, yaani mita 160. Kwa nafasi 20 ni mita 3,200. Kama saa imesema sekunde 9.3, gawanya: 3,200 kwa 9.3 ni karibu mita 344 kwa sekunde.

Linganisha na kinachotarajiwa. Anza na 331, kasi ya penye nyuzi 0, ongeza 0.6 kwa kila nyuzi ya joto. Mchana wa Dar es Salaam wenye nyuzi 30 unatoa 349. Asubuhi ya Njombe yenye nyuzi 15 ni 340. Darasa likipata kati ya 335 na 360, lipongeze. Newton naye alipima kwa mwangwi kwenye ushoroba wa chuo cha Trinity, Cambridge, akitumia pendulumu, na kanuni ya kasi ya sauti aliyotunga ilitoa jibu pungufu kwa karibu asilimia 15. Ni Laplace, mwanahisabati wa Ufaransa, aliyekuja kuirekebisha.

Hatua ya 7: Bomba na ndoo

Hii ni kwa kidato cha juu, au kwa siku ya mvua ambapo uwanjani hapaendeki.

Zamisha bomba wima ndani ya ndoo, libaki nje sentimita chache. Weka mlio wa hezi 800 kwenye simu, spika ielekee mdomo wa bomba. Inua bomba taratibu, na simu ipande nalo. Mahali fulani, hewa iliyo ndani ikiwa na urefu wa karibu sentimita 10, sauti itavuma ghafla. Weka alama kwenye bomba usawa wa maji. Endelea kuinua: itavuma tena karibu na sentimita 31 au 32. Weka alama ya pili.

Umbali kati ya alama mbili ni nusu ya urefu wa wimbi. Ukipata sentimita 22, wimbi zima ni mita 0.44, zidisha kwa 800, jibu ni 352. Usitumie alama ya kwanza peke yake, kwa sababu wimbi huchungulia kidogo nje ya mdomo wa bomba, na kosa hilo hujifuta ukitoa moja kwa nyingine. Mshika simu asiwe yule anayeinua bomba. Sababu unaijua.

Mambo yakikwama

Kasi imetoka kama 170. Mmesahau kwamba sauti ilikwenda na kurudi. Zidisheni umbali kwa mbili.

Imetoka kama 367. Mhesabuji alianza na "moja". Piga hesabu upya kwa nafasi 19 badala ya 20.

Kila kikundi kina jibu lake, kutoka 300 hadi 400. Mpigaji hajaufikia mdundo au anauacha njiani. Mweke msikilizaji mmoja karibu naye, mstari uleule, kazi yake iwe kusema "ongeza" au "punguza".

Mwangwi hausikiki. Ukuta una madirisha mengi yaliyo wazi, au upepo umeanza. Rudini kesho saa moja asubuhi.

Bomba halivumi popote. Spika ya simu nyingi iko chini, si juu. Hakikisha ndiyo inayotazama mdomo wa bomba. Kisha inueni polepole zaidi, kwani mahali penye mvumo ni pembamba.

Simu ya makopo imenyamaza. Uzi unagusa bega la mtu au kona ya dirisha.

Mwanafunzi bado anasema mlio mwembamba husafiri haraka kuliko mzito. Mpeleke mwisho wa uwanja, wenzake wapige filimbi na ngoma kwa pamoja. Vitamfikia pamoja.

Mwanafunzi anauliza mbona radi huonekana kabla ya kusikika. Mwanga hukimbia karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, sauti huchukua kama sekunde tatu kwa kilomita moja. Wakati wa masika mpe kazi ya nyumbani: ahesabu sekunde kutoka mmweko hadi ngurumo, agawanye kwa tatu, apate kilomita. Ahesabu akiwa ndani ya nyumba, mlango umefungwa.